Dozi ya Kumi

Nilikataa sindano ya korona miezi mitano, na si kwa zile sababu zilizokuwa zikisomwa redioni. Nalisema hili mapema kwa kuwa hapa Kwapa, upande wa Uganda, kila aliyekataa alihesabiwa mjinga, akatiwa kapu moja na wale walioamini kwamba ukichomwa, kijiko kitakunata begani. Sista Kate, muuguzi aliyetumwa kwetu kutoka Tororo mjini, alikuwa na karatasi yenye sababu zote za watu na majibu yake. Ya kwanza ilikuwa namba ya Shetani. Ya pili ilikuwa uzazi. Hiyo ya uzazi alinisomea mimi, mwanamke wa miaka hamsini na sita, nikacheka mpaka kifua kikauma.

"Sista," nikamwambia, "hii tumbo nafunga duka zamani. Soma ingine."

Akasoma zote mpaka chini. Yangu haikuwamo.

Sababu yangu ilikuwa Busia, upande wa Kenya, ikiuza samaki wakavu sokoni, na jina lake Adongo. Tulizaliwa siku moja, mimi Apio nikitangulia, yeye akinifuata kabla kitovu changu hakijafungwa. Kwetu pacha hawabaguliwi. Akinyolewa mmoja, na mwingine ananyolewa siku hiyohiyo. Akinunuliwa gauni mmoja, mwingine apate walau kitambaa cha kichwa. Ukimfanyia mmoja ukamruka wa pili, yule aliyerukwa atapatwa na baya, na aliyetangulia ndiye atakayelibeba moyoni.

Mama yetu aliivunja desturi hiyo mara moja tu. Tulikuwa watoto wa miaka mitatu, wakaja watu wa sindano ya surua wakapanga meza yao kwenye uwanja wa kanisa. Nikachomwa mimi. Walipomfikia Adongo, dawa ikaisha. Wakaahidi kurudi wiki itakayofuata, na hawakurudi. Kabla mvua hazijaanza Adongo akashikwa na surua, ikamwacha na jicho moja. Mama akasema ni kwa sababu sindano ilimruka mtoto. Ukifikiri vizuri hakukosea hata kidogo, ingawa yeye alimaanisha jambo jingine kabisa. Akatuapisha: sindano ya kukinga ugonjwa, tusichomwe tena ila tumeketi pamoja.

Tukaapa, na tukashika kiapo mpaka uzeeni. Adongo aliolewa na Ojiambo, Msamia wa ng'ambo ya mpaka, na hata mimba tulibeba miaka tofauti. Sindano za wajawazito nilizikwepa kwa uongo, leo naumwa kichwa, kesho nina msiba. Hilo sijivunii. Nalisimulia ili ujue kwamba sikuanza na korona.

Mwezi wa sita mwaka ule korona ikamchukua Okello, mdogo wetu aliyetufuata. Walikuja watu waliovaa plastiki kuanzia kichwani mpaka miguuni, wakamzika kwa dakika kumi na tano, na sisi tumesimamishwa mbali tukitazama. Jioni nikampigia Adongo simu.

"Tukachomwe," nikamwambia. "Vuka uje huku. Mimi nikija kwenu wataniuliza kipande, kitambulisho cha huko, nami sina."

"Ngoja kidogo," akasema.

Mwezi wa saba, ngoja kidogo. Mwezi wa nane, ngoja kidogo. Mwezi wa tisa nikaugua mimi. Nina sukari, kwa hiyo ilinikamata vibaya. Nililala hospitali wiki tatu nikipumua hewa ya mtungi, na mwanangu Vincent akiwa nje ya geti kwa sababu hawakumruhusu kuingia. Adongo alipiga simu kila siku. Nilikuwa siwezi kusema, nilimsikiliza tu. Alilia, na kila mara alisema neno moja: nisamehe, nisamehe. Nilipopata sauti nikamwuliza nimsamehe nini, na mpaka umefungwa? Akazidi kulia.

Daktari aliyeniruhusu kutoka hospitali hakunizunguka. "Mapafu yako yamechoka, mama. Ukipona vizuri uchanjwe. Hii ikirudi na hujachanjwa, mimi siahidi kitu."

Na bado nikakataa. Vincent aligonga meza mpaka chai ikamwagika. Aliniuliza kama nataka kuwaachia mazishi mengine. Sikumjibu, maana jibu langu angelicheka, na mimi kuchekwa na mtoto niliyemzaa sikupendi. Lakini wewe nitakuambia. Sikuwa naogopa sindano. Nilikuwa naogopa kuchomwa peke yangu, halafu simu ilie kutoka Busia niitwe kumzika Adongo, nikijua kwamba mimi ndiye niliyemruka. Hofu hiyo ilikuwa kubwa kuliko hofu ya kufa kwangu.

Mwezi wa kumi na mbili ulipoanza, Adongo akasema mwenyewe: "Alhamisi nakuja."

Alhamisi hiyo ilikuwa siku ya mwisho ya Sista Kate kwetu. Alipanga meza kwenye veranda ya stoo ya mahindi, na sanduku lake la baridi miguuni. Sheria yake ilikuwa hii: chupa moja ina dozi kumi, na ikishafunguliwa lazima iishe siku ileile, kinachobaki kinamwagwa. Kwa hiyo hafungui mpaka watu kumi watimie. Na dawa ilikuwa chache, wenye kijiji kwanza, kila jina likithibitishwa na mwenyekiti wa kijiji, Omoding, kijana aliyechaguliwa juzijuzi na ambaye bado alikuwa akipiga pasi mpaka soksi.

Kufikia saa saba tulikuwa tisa pamoja nami. Nikamwambia Sista Kate wa kumi ni dada yangu, yuko njiani. Nilikuwa nimeshapanga na Adongo kwa simu: mwenyekiti akiuliza, nitasema anakaa kwangu siku hizi. Uongo mdogo. Mipakani hapa tunaishi kwa uongo mdogo kama huo, na hakuna anayekosa usingizi kwa ajili yake.

Saa nane ikapita. Simu ya Adongo ikawa haipatikani. Nikajua yuko kwenye njia za panya, maana mpaka ulikuwa wa malori tu, na watu tulikuwa tukipenya mashambani tukiwakwepa askari. Mmoja wetu, dereva wa bodaboda, akaanza kuwasha na kuzima pikipiki yake, akinitazama. Mwanamke mwingine akasema ameacha maharage motoni. Ng'ambo ya barabara wanaume sita wameuzunguka mtungi wa malwa, pombe ya ulezi, mirija mirefu midomoni, wote wakinyonya chungu kimoja. Hao ndio walioacha kupeana mikono wakisema wanaogopa korona.

"Mama Apio," Sista Kate akaniita, "saa kumi gari inanichukua. Mtu moja akiondoka, nafunga na wote narudi nyumbani."

"Anakuja."

"Wewe nasema hivyo tangu asubuhi."

Niliwaza amekamatwa. Niliwaza ameteleza mtoni, jicho lile moja halipimi vizuri kina cha maji. Nikasimama kwenye njia, nikaketi, nikasimama tena. Yule wa bodaboda akapiga teke stendi ya pikipiki yake, akatangaza kwamba anaondoka. Nikashika funguo zake. Ndiyo, mimi, mama mzima, nilimpokonya kijana wa watu funguo nikazitia kifuani, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza mchana ule.

Saa tisa na nusu akashuka kwenye bodaboda nyingine. Leso imelowa mpaka magotini, matope mpaka kwenye viwiko, kapu la samaki kichwani. Nilimkumbatia mbele ya Sista Kate na maagizo yake yote ya kukaa mbalimbali. Alikuwa amekonda. Hakuniangalia usoni, nami nikadhani ni uchovu.

"Kumi," nikasema. "Haya, fungua."

Sista Kate akafungua chupa. Akawachoma wale wanane mmoja mmoja, akiwaandikia kadi. Yule wa bodaboda alifumba macho kama mtoto, nikamrudishia funguo zake. Wakati huo ndipo Emoit alipotokea. Emoit ni jirani yangu, ana jembe la ng'ombe na mdomo mrefu. Alikuwa akisukuma baiskeli, na nyuma ameketi mama yake, Bibi Amuge, mwenye miaka themanini na zaidi, aliyekuwa amekataa chanjo toka mwanzo na sasa, kwa sababu anazozijua mwenyewe, amebadili nia.

"Wametimia," Sista Kate akamwambia. "Pole. Labda mtu akikosa."

Emoit hakuondoka. Aliegemeza baiskeli kwenye nguzo akasimama.

Vikabaki viti viwili vya plastiki. Tukaketi, mimi kulia, yeye kushoto, vile tulivyoapa. Nilikunja mkono wa gauni. Nilifurahi, nisikufiche. Nilijiona tumeshinda. Sista Kate akaniuliza maswali yake: jina, umri, sukari, kama nimewahi kuchanjwa. Nikajibu yote. Akageuka kwa Adongo.

"Na wewe, mama? Nawahi kuchanjwa?"

Swali dogo. Alikuwa amewauliza wote wale wanane. Nikadhani Adongo hakusikia, nikamgusa kwa kiwiko. Ndipo akatia mkono kwenye fundo la leso, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani.

"Moja," akasema. "Mwezi wa nane."

Niliisoma ile kadi juu chini, kisha nikaigeuza nikaisoma tena. Jina lake. Muhuri wa Kenya. Tarehe kumi na saba, mwezi wa nane.

"Walisema sokoni," Adongo akaanza kwa Kiteso, kwa haraka, akinishika mkono, "asiye na kadi hapangi samaki. Walitupa siku moja tu, Apio. Nina wajukuu watatu. Nilisema nitakuambia jioni. Jioni nikaogopa. Nikasema nitakuambia Jumapili. Halafu ukaugua. Nilijua ni mimi. Nilijua nimekuruka na sasa unakufa, nitakuambiaje kwenye simu na wewe una mpira puani? Dozi ya pili sikwenda. Waliniita mara mbili, sikwenda. Nilisema nitakuja kuchomwa na wewe, siku moja, kiti kwa kiti, tuanze upya."

Nisamehe, nisamehe. Sasa nikalielewa neno lile.

Sista Kate alikuwa amedaka Kiteso kidogo. Akaweka sindano chini. "Mama Apio, sikiza. Wewe haukuugua kwa sababu yeye alichanjwa. Wewe naugua kwa sababu mwenyewe haukuchanjwa."

"Nyamaza, Sista," nikamwambia.

Leo najua alisema kweli. Saa ile sikutaka ukweli wa mtu yeyote. Nilikuwa na hasira ambayo sijapata kuwa nayo tangu nizaliwe. Miezi mitano nimegombana na watoto wangu. Nimelala wiki tatu na kifo kikinipapasa. Nimekataa dawa ambayo ingeniokoa, yote kwa ajili ya mtu ambaye tayari alikuwa nayo mkononi, na kadi ameificha kwenye leso. Nilijiona nimekuwa kichekesho cha dunia. Nikautoa mkono wangu kwenye mkono wake.

"Nichome," nikasema.

Sista Kate akanichoma. Haikuuma hata. Miezi mitano ya hofu, na ikapita kabla sijavuta pumzi. Akaniandikia kadi, nikaichukua. Adongo akakunja mkono wa blauzi yake, akasogeza kiti mbele, machozi yakimtoka jicho zima na lile bovu pia.

"Ngoja kwanza," Emoit akasema. "Mimi nauliza tu. Huyu mama natoka Kenya. Kadi yake ya Kenya, muhuri ya Kenya, sisi yote tumeona. Dawa ya Uganda nakwenda kwa watu ya Kenya, na mama yangu narudi nyumbani bila?"

Watu wakanung'unika. Omoding akajikohoza, akaivuta barakoa yake chini ili aonekane mwenyekiti. Hakuwa mtu mbaya. Alinitazama mimi, si Emoit, na nikaona kwamba alikuwa akinipa mlango.

"Mama Apio, wewe sema tu. Huyu mtu yako nakaa hapa? Kama nakaa kwako, mimi naandika, kwisha maneno."

Adongo akanigeukia. Alijua tumepanga. Neno lilikuwa ulimini mwangu tangu asubuhi, limeiva, lilikuwa linahitaji kudondoka tu: anakaa kwangu. Na nilitaka aonje. Hilo ndilo nililolitaka, sitalipamba. Nilitaka arudi kwao na mkono mtupu, ajue kurukwa kunavyouma.

"Hapana," nikasema. "Huyu nakaa Kenya. Dozi yake iko huko."

Ilikuwa kweli tupu. Hakuna hata mmoja pale ambaye angeweza kunilaumu. Sista Kate alisita, akatutazama mmoja mmoja, kisha akavuta dozi ya kumi na kumchoma Bibi Amuge, ambaye aliguna tu na kuuliza kama na soda ipo.

Adongo aliinuka. Alishusha mkono wa blauzi, akafunga kadi yake kwenye leso. Kapu la samaki aliliacha miguuni pangu. Alikuwa ameniletea, sikujua.

"Ojiambo ananingoja, nisikutwe na giza njiani," akasema, ingawa Ojiambo alifariki miaka minne iliyopita, na sote wawili tulijua kwamba alisema tu ili aseme kitu. Akapanda bodaboda ileile iliyomleta. Sikugeuka kumtazama akienda.

Alipiga simu siku ya tatu. Sikupokea. Alipiga Krismasi mara nne, na mara ya nne Vincent alinyoosha mkono aichukue, nikamkazia macho akaiacha ilie. Mwaka mpya alipiga mara moja. Nilikuwa nasema moyoni, nitapokea, lakini ngoja kidogo, bado sijashiba hasira yangu. Hasira hasara, watu husema, na mimi mwenyewe nimewaambia wangapi.

Wiki ya pili ya mwezi wa kwanza ikalia namba nisiyoijua. Ilikuwa Nerima, binti yake mkubwa.

"Mama mkubwa," akasema, "mama ametuacha leo asubuhi."

Alikuwa amekohoa siku sita. Nikamwuliza dozi ya pili, alikwenda? Swali gani hilo la kumwuliza mtoto aliyefiwa, lakini ndilo lililonitoka.

"Hospitali ni hapo karibu tu, mama mkubwa. Tulimbembeleza kabla ya Krismasi. Alikataa. Alisema safari hii hatatangulia, anakungoja wewe upokee simu mpange siku."

Bibi Amuge yupo mpaka leo. Huniona njiani akanishukuru, akanibariki mimi na kizazi changu, nami nasimama pale nikipokea baraka zake mpaka amalize.

Sikwenda kumzika dada yangu kwa njia ya panya. Vincent alitaka, alisema ni karibu na hawaulizi. Nilikataa. Mpaka ulikuwa umeshafunguliwa kwa wenye kadi ya chanjo, nami nikavaa gauni jeusi, nikashuka Busia, nikapanga foleni ya watu na mabegi yao mpaka dirishani, upande wa Kenya. Kijana aliyeketi pale alikuwa na barakoa ya buluu na macho ya upole. Akanyoosha mkono.

"Kadi ya chanjo, mama."

Nikampa. Aliisoma vizuri: jina langu, muhuri, tarehe ya Alhamisi ile.

"Unaenda wapi?"

"Kuzika."

"Pole sana." Akanirudishia kadi kwa mikono miwili. "Iko sawa. Umefanya vizuri, mama, wengi wanakataa. Pita."

Nikapita.